TAZAMA ilianza na mafuta safi

Mwandishi wa gazeti anasema kusafirisha dizeli ni kazi mpya kabisa kwa TAZAMA, kampuni ya bomba la mafuta la Tanzania na Zambia, eti tangu izaliwe bomba lake lilijua mafuta ghafi tu. Hapana, historia haiko hivyo. Bomba lilipokamilika mwaka 1968, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, kilomita 1,710, lilianza kwa kupeleka mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Zambia haikuwa na kiwanda cha kusafishia. Kiwanda cha Indeni, cha huko Ndola, kilianza kazi 1973, na hapo ndipo bomba likageuzwa libebe mafuta ghafi (yaliyochanganywa na dizeli na nafta, yaani mafuta mepesi). Kwa hiyo lilipoanza kupitisha dizeli tupu mwaka 2023, lilikuwa linarudia kazi yake ya awali. Na sisi wa Mbeya na Iringa hatupaswi kuisahau sababu ya kujengwa kwake: Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alijitangazia uhuru kutoka Uingereza, njia ya kusini iliyopitisha mafuta ya Zambia ikawa ya mashaka, mafuta hayo yakapita hapa kwetu kwa malori, barabara ya vumbi na matope, madereva wengi wakafia njiani. Wazee wa Igawa, Uyole na Tunduma wanayajua haya vizuri kuliko gazeti. Nchi mbili changa zikaunda kampuni moja, Zambia theluthi mbili, Tanzania theluthi moja, na mpaka leo bado ni yao. Kuna msomaji ambaye mzazi wake alifanya kazi kwenye kituo cha kusukuma mafuta cha Iringa au Mbeya miaka ile ya mwanzo? Alisimulia nini?