Marhamu ya Nyumbani Haitaki Maji

Krimu ya kwanza niliyotengeneza kwa mikono yangu ilidumu siku tisa. Nilikwangua ute wa mshubiri, nikauchanganya na maji ya waridi na mafuta ya nazi, nikapiga mpaka ikawa nyeupe na laini, nikaigawa kwenye makopo mawili ya kioo. Kopo moja nilimpa dada yangu, ambaye ana pumu ya ngozi na mikono yake hupasuka. Siku ya tisa nilifungua la kwangu nikakuta duara la ukungu wa kijivu ukingoni. Nilimpigia simu papo hapo. Kumbe alikuwa ameacha kuipaka siku mbili kabla, maana mipasuko ilikuwa imeanza kuuma na kutoa usaha. Daktari alimpa dawa ya kupaka ya kuua bakteria, na ilimchukua wiki mbili mikono kurudi hali yake.

Tangu siku hiyo sijaacha mitishamba. Naipenda kuliko zamani, na bado natengeneza. Lakini karibu kila maelekezo ninayokutana nayo ya krimu ya nyumbani "isiyo na kemikali" yana kosa lilelile nililofanya mimi, na linaelezwa kwa furaha kana kwamba halina madhara. Ndiyo maana nasema wazi ninachoamini: asiye na maabara atengeneze vitu visivyo na maji. Chenye maji kitengenezwe cha kutumika siku hiyohiyo, kinachobaki kimwagwe.

Sababu yake ni rahisi. Bakteria na ukungu hawawezi kuota pasipo maji. Ndani ya mafuta matupu au nta hawana cha kunywa, hivyo hata wakiingia hawazaliani. Ute wa mshubiri ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, na kilichobaki kina sukari, yaani kinywaji na chakula kwa pamoja. Chai ya mitishamba ni hivyohivyo, maji ya waridi hivyohivyo, juisi ya tango hivyohivyo. Bakteria anayeitwa Pseudomonas aeruginosa anajulikana sana kwa kuishi ndani ya losheni zilizokosa kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia vijidudu visiote, na hapo ndipo hatari ilipo: anaweza kujaa ndani ya kopo bila rangi kubadilika wala harufu kutoka. Mimi niliuona ukungu. Dada yangu hakuona kitu kwenye kopo lake, aliona kwenye mikono.

Wapo wanaosema wanachemsha maji kwanza. Kuchemsha kunaua vingi vilivyomo kwa saa hiyo, lakini mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili joto hilo, na kidole cha kwanza kinachochovya kinaleta wageni wapya. Majani na maua nayo, hata yakaushwe vipi, huja na vijidudu vya shambani.

Halafu kuna vitamini E. Hili linaniumiza kwa sababu nimelisikia kwa watu makini kabisa, wakisema matone machache ya vitamini E "yanahifadhi" krimu. Vitamini E hupambana na oksijeni, hivyo huchelewesha mafuta kuchacha. Haiui bakteria hata mmoja. Ni kazi mbili tofauti, na krimu yenye maji inahitaji zote mbili. Asali nayo hutajwa sana. Ni kweli asali yenyewe haiozi kirahisi, kwa kuwa maji yake hayafiki asilimia 20 na sukari yake huwanyonya vijidudu maji mpaka wakafa. Ila ukishaikoroga ndani ya ute wa mshubiri umeipunguza nguvu, na ulinzi wake umekwisha. Mafuta tete, yale ya harufu kali yanayouzwa kwenye vichupa vidogo vyeusi, yana uwezo fulani wa kuua vijidudu, lakini kiasi cha kulinda kopo zima kingeunguza ngozi kabla ya kuwafikia. Friji inachelewesha tu.

Wanaotetea krimu za maji hupenda kumtaja Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, anayesifiwa kwa kuchanganya nta ya nyuki, mafuta na maji ya waridi. Sifa anastahili. Lakini mchanganyiko wa aina ile hujitenga na kuchacha upesi, na nta peke yake haiwezi kuyashika maji na mafuta pamoja kwa muda mrefu. Ulikuwa wa kutengenezwa na kutumika. Hakuna aliyeukusudia ukae miezi kwenye kabati la bafuni.

Nisieleweke vibaya kuhusu vihifadhi. Anayetaka kutengeneza losheni halisi ajifunze kutumia kihifadhi, apime kwa mizani na si kwa kijiko, mara nyingi ni asilimia 1 au chini ya hapo, na ajue kupima pH, yaani kiwango cha asidi, ya mchanganyiko wake. Kihifadhi kilichopimwa vizuri hakina aibu. Ninachokataa ni kukikwepa huku mtu akiendelea kuweka maji, kisha kuliita kopo hilo "salama" kwa sababu kila kilichomo kimeota ardhini.

Sasa nije kwenye kile ninachokipenda.

Chukua petali za kalendula, ua la rangi ya chungwa au manjano, zilizokauka mpaka zinavunjika vidoleni. Zikiwa na unyevu kidogo tu, umeshaingiza maji kwa mlango wa nyuma, na wiki ya pili utaona povu au ukungu juu. Zijaze mpaka nusu ya chupa ya mdomo mpana, kisha mimina mafuta mpaka yazifunike na kupita juu kwa upana wa vidole viwili. Mimi hutumia mafuta ya alizeti. Yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa nje. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote, yana asidi ya oleiki nyingi, na hiyo huweza kuulegeza ukuta huo, jambo ambalo mwenye pumu ya ngozi halihitaji. Acha chupa kwa wiki nne hadi sita, uitikise kila unapopita karibu nayo. Wengi huiweka dirishani juani. Mimi huiweka gizani penye joto kiasi, kwa sababu mwanga huharakisha kuchacha.

Mwenye haraka anaweza kuiweka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, kwa saa mbili au tatu, mafuta yasipite nyuzi 60. Awe mwangalifu na mvuke: tone linaloshuka kutoka kwenye mfuniko ni maji yaleyale tunayoyakimbia.

Baada ya hapo chuja kwa kitambaa safi cha pamba, acha yatulie usiku mzima, kisha mimina taratibu bila kufika chini. Huwa kuna matope kidogo, na wakati mwingine vitone vya maji vilivyojificha. Niliwahi kuyahurumia yale ya mwisho nikayamimina pia, na chupa ile ndiyo iliyoharibika mapema kuliko zote.

Kuyageuza kuwa marhamu ni kazi ya robo saa. Gramu 80 za mafuta kwa gramu 20 za nta ya nyuki hutoa marhamu ngumu ya midomo na visigino. Ukipunguza nta mpaka gramu 15 inakuwa laini ya mikono. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo sufuria ndani ya sufuria inatosha, moto wa moja kwa moja hauhitajiki. Kabla ya kumimina, dondosha kidogo kwenye kijiko baridi uone ugumu wake. Ukiongeza siagi ya shea, ipoze haraka, maana ikipoa polepole hutoa chembechembe kama mchanga. Hazidhuru, ila hazipendezi. Makopo yachemshwe, kisha yakauke kabisa, ndani na kwenye nyuzi za mfuniko. Hapo kwenye nyuzi ndipo maji hujificha.

Sasa kuna swali ambalo watu huniuliza kila mara: kama haina maji, italainishaje ngozi kavu? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo lililonituliza mimi. Marhamu haiiongezei ngozi maji; inayazuia yaliyomo yasipotee. Basi maji yatoke bafuni. Toka kuoga, jifute kidogo, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka safu nyembamba ndani ya dakika chache. Umepata krimu ya maji na mafuta, imetengenezwa juu ya ngozi yako dakika hiyohiyo, na hakuna kilichobaki koponi cha kuoza.

Vya siku moja navyo vina nafasi yake. Oti zilizosagwa laini na kulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hutuliza ngozi inayowasha, na si hadithi tu: FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliutambua unga huo kuwa kinga ya ngozi mwaka 2003. Mshubiri pia, ukikatwa na kutumiwa palepale. Lisimamishe jani kwa dakika 15 utomvu wa manjano ulio chini ya ganda utiririke, maana ndio unaowasha, kisha ndipo uchukue ute.

Limau sitaki kulisikia karibu na uso wa mtu. Ngozi yetu ina asidi kidogo, pH ya kama 5, na namba ikishuka asidi huzidi. Juisi ya limau iko karibu na 2. Zaidi ya hapo, limau na ndimu zina vitu ambavyo vikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi huiunguza: malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, kisha huacha alama nyeusi zinazoweza kukaa miezi. Watu hupaka limau ili kuondoa madoa. Nimeona shingo ya rafiki yangu iliyopakwa kwa nia hiyo, na madoa aliyokuja nayo mwanzoni yalikuwa madogo kuliko aliyoondoka nayo.

Vivyo hivyo kinga ya jua ya nyumbani. Husemwa kwamba mafuta ya nazi au ya mbegu fulani yana kinga ya kutosha, au kwamba unga wa zinki ukikorogwa kwa mwiko unatosha. Zinki inahitaji kusambazwa sawasawa kwa kiwango ambacho mwiko haufiki, na bila kupimwa hujui ni wapi umekingwa na wapi uko wazi. Hiki kimoja nunua, tafadhali.

Kwenye mafuta tete nimekuwa mchoyo. Asilimia 1 ni kama matone sita kwa mililita 30 za mafuta, na wengi humimina mara tatu ya hapo ili kunukie. Mafuta ya lavenda na ya mti-chai (tea tree) yaliyokaa wazi muda mrefu huungana na hewa na kuwa rahisi zaidi kuleta mzio. Mdalasini usifike usoni kabisa. Kwa watoto wachanga na kwa dada yangu siweki hata tone.

Hata marhamu iliyo kavu kabisa ijaribiwe kwanza kwa ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Mzio wa ngozi mara nyingi huchelewa, na jaribio la usiku mmoja hukosa mengi. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti awe macho na kalendula na kamomaili, ni ndugu. Mwenye chunusi asipake mafuta ya nazi usoni, maana huziba vinyweleo vya wengi. Na penye kidonda, usaha au pumu ya ngozi iliyowaka, aende kwa daktari, marhamu ingoje.

Dada alikaa karibu mwaka mzima kabla ya kukubali kupaka tena kitu nilichotengeneza. Sikumlazimisha. Siku moja aliniuliza kilichomo, nikamtajia vitu vitatu: mafuta ya kalendula, nta, shea. Akauliza, "Maji je?" Nikamwambia hayamo. Akaijaribu marhamu kiwikoni wiki nzima, bila kuambiwa.

Sasa anaweka kopo lake karibu na taulo. Kwenye mfuniko nimebandika karatasi yenye tarehe, na huwa tunakubaliana miezi sita, au mapema ikianza kunuka kama rangi ya mafuta. La sasa lina miezi minne. Jana nililinusa nikiwa kwake, na bado linanuka nta.