Wanaojitolea Kufundisha Watoto Kusoma: Msaada wa Kweli au Kiraka cha Upungufu wa Walimu?

Kipindi cha Kusoma cha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali Tanzania ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 45, idadi ambayo serikali yenyewe imeiweka kuwa kiwango, na mwalimu akaamua kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, kila mmoja anapata sekunde 40. Watoto wakifika 100, na pembezoni mwa miji yetu mikubwa hilo halishangazi tena, ni sekunde 18. Hapo hujatoa muda wa kuita mahudhurio, kugawa vitabu na kuamua ugomvi wa penseli.

Kwa hiyo mwalimu anafanya kinachowezekana. Anaandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, anagusa kila silabi kwa fimbo, na darasa zima linaitikia. Katika sauti mia, asiyejua hasikiki. Anaweza kujificha humo mwaka mzima, akapanda darasa la pili, akajificha tena. Wajanja zaidi hukariri ukurasa: mtoto anakusomea hadithi ya sungura bila kukosea huku macho yake yako dirishani, lakini ukimwonyesha neno moja la katikati anaduwaa.

Hoja ya kutumia watu wa kujitolea inaanzia hapa, na hapa ndipo ilipo na nguvu. Kumsikiliza mtoto akisoma, kumrudisha alipokosea na kumpa neno jingine ajaribu ni kazi isiyohitaji shahada. Kijana wa kidato cha nne aliyekaa na watoto watano kwa nusu saa anampa kila mmoja dakika sita. Tena Kiswahili kinamrahisishia kazi, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa: mtoto akishazijua sauti za herufi na namna ya kuziunganisha, anaweza kulisoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Zinabaki kona ngumu chache, kama mbw, nyw, gh na ile tofauti ya ng na ng', na hizo zinafundishika.

Kusoma neno na kulielewa ni mambo mawili, bila shaka. Mtoto wa Simiyu anayezungumza Kisukuma nyumbani anaweza kutiririka sentensi nzima ya Kiswahili asijue imesema nini. Hapo kijana wa kijijini ana kitu ambacho mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka mkoa mwingine hana: anaweza kumuuliza mtoto kwa lugha ya mama yake, na akajibiwa.

Wanaotetea mpango wa namna hii wana ushahidi, si moyo mwema tu. Upimaji wa Uwezo, ulioanza mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii katika Tanzania, Kenya na Uganda, uliendeshwa na watu wa kujitolea waliopita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti ya kwanza ya Tanzania ilionyesha kuwa kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu waliweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili. Wengine walikuwa shuleni kila siku, majina yao kwenye daftari la mahudhurio. Uwezo ulifuata mfano wa India, ambako shirika la Pratham lilianza upimaji kama huo mwaka 2005, na Pratham hawakuishia kupima.

Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, vijana wa vijijini walifundishwa kwa siku chache jinsi ya kuendesha madarasa ya kusoma baada ya saa za shule, bila mshahara. Watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walilinganisha vijiji vilivyopata mpango huo na vile visivyoupata. Watoto waliokuwa hawajui hata herufi na wakahudhuria walipiga hatua kubwa. Mtetezi wa kujitolea hupenda kuishia hapo.

Mimi nadhani sehemu ya pili ya matokeo yale ndiyo ya kuibandika ukutani kwenye kila ofisi ya elimu ya kata. Katika vijiji vilivyopata mpango, waliohudhuria walikuwa asilimia 8 tu ya watoto. Vijana walijitokeza, dawa ilifanya kazi, na wagonjwa wengi hawakuja kuinywa. Sababu si ngumu kukisia kwa anayejua mchana wa mtoto wa kijijini. Saa tisa alasiri kuna maji ya kuteka, mbuzi wa kuchunga, mdogo wa kubeba mgongoni. Mzazi ambaye mtoto wake hajui kusoma mara nyingi ndiye ambaye hawezi kumkosa mtoto huyo nyumbani jioni. Mpango wa hiari pande zote mbili, kijana akipenda na mtoto akipenda, unaweza kuishia kuwasaidia watoto ambao wangesaidiwa hata hivyo. Kwetu mjini hao wako tayari tuisheni.

Pratham wenyewe hawakulifumbia macho hilo. Baadaye njia yao ya kuwapanga watoto kwa kiwango wanachoweza, badala ya darasa wanalosoma, iliingizwa ndani ya saa za shule na kwenye kambi fupi zinazofanyika shuleni, walimu na wa kujitolea wakiwa pamoja. Botswana imeenda mbali kidogo: vijana walio katika utumishi wa taifa, ambao serikali inawalipa posho, wamepelekwa shuleni kuendesha njia hiyohiyo.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana hawasemi ovyo. Hofu yao kubwa ni kwamba mlango unaofunguliwa kwa msaidizi wa kusoma hupitiwa na kitu kingine kabisa. Tanzania ina maelfu ya wahitimu wa ualimu wasio na ajira, na wengi wao wako madarasani sasa hivi wakifundisha kwa kujitolea. Wana vipindi kamili na kazi za kusahihisha, na wanaishi kwa michango ya wazazi au kile ambacho mwalimu mkuu ameweza kukusanya. Wanavumilia kwa matumaini kwamba siku ajira zikitangazwa, barua ya kujitolea itawabeba. Suala la walimu hawa limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja. Mtu wa aina hii ni mwajiriwa ambaye hajalipwa, hata kama kwenye makabrasha anaitwa wa kujitolea.

Kenya inatoa onyo la aina mbili. La kwanza ni la kitaalamu: walimu wa mkataba waliokuwa chini ya shirika lisilo la kiserikali katika jaribio la nchi nzima waliinua alama za watoto, lakini walipokuwa chini ya serikali, kazi ileile na mkataba uleule, alama hazikusogea. Malipo yaliyochelewa na usimamizi hafifu vilikuwa sehemu ya maelezo. La pili ni la haki: mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu ilikiuka haki za walimu wanagenzi, watu wenye sifa zote za ualimu wanaofanya kazi kamili kwa malipo ya mwanafunzi. Kesi iliendelea kwenye rufaa, ila mantiki ya uamuzi ule ilieleweka hadi huku kwetu.

Wakati huu hofu hiyo ina uzito zaidi. Mradi wa kufundisha kusoma wa Tusome Pamoja, ulioanza mwaka 2016 katika mikoa ya Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma pamoja na Zanzibar, ulitegemea fedha za USAID, shirika la misaada ambalo Marekani ililifunga mwaka 2025. Fedha za wafadhili zinapokauka, jambo la kwanza kutajwa mezani ni nguvu ya jamii. Nayo jamii haijawahi kuuliza kwa nini inakumbukwa siku za ukame tu.

Tena utafiti wa nchi tajiri hauwapendelei sana wa kujitolea. Mapitio ya majaribio 96 ya kufundisha watoto mmojammoja au katika vikundi vidogo, yaliyochapishwa mwaka 2020 na Andre Nickow na wenzake, yalikuta matokeo makubwa zaidi pale wafundishaji walipokuwa walimu au wasaidizi wanaolipwa kuliko pale walipokuwa watu wa kujitolea au wazazi. Sioni ajabu. Anayelipwa ana mafunzo, ana wa kumsimamia, na hata siku ya mvua yupo. Mtoto aliyekuwa anaanza kuunganisha silabi akikosa wiki mbili, unaanza naye upya.

Pamoja na hayo yote sikubaliani na wanaotaka mlango ufungwe. Mtoto aliye darasa la pili leo hawezi kusubiri bajeti ya walimu ya miaka mitano ijayo. Ila kazi ya kijana huyu lazima iwe finyu, na ufinyu wake uandikwe. Asipewe kipindi wala madaftari ya kusahihisha, na asiachiwe darasa siku mwalimu ameitwa semina. Apewe watoto watano au sita ambao mwalimu wa darasa amewapima na kuwaona wamekwama, awachukue ndani ya saa za shule, na kila baada ya wiki chache wapimwe tena ili aliyevuka aondoke na mwingine aingie. Kikundi kikae chini ya mwembe au kwenye veranda, mahali ambapo kila mtu anaona. Hilo si la mapambo. Mtu mzima asiye mwajiriwa kukaa na watoto wadogo faraghani ni hatari, na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi kuiondoa.

Halafu kuna hela. Wapo wanaosema kwa nia njema kabisa kwamba ukimlipa umeua moyo wa kujitolea. Historia yetu inawakatalia. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, ambayo kwa takwimu za serikali ilisaidia kushusha wasiojua kusoma na kuandika kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu 10 mwaka 1986, ilibebwa na walimu wa kujitolea waliokuwa wakipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Haikuwa mshahara, na hakuna aliyeiita hivyo, lakini ilikuwa kwenye bajeti. Mpango wa leo usio na kifungu cha nauli na chakula cha mchana utawapata vijana ambao kwao wanajiweza, au utawapata wale wanaosubiri ajira na watakaoondoka wiki ajira zikitoka. Afisa elimu anayeletewa andiko la mradi wa namna hii aanzie ukurasa wa bajeti. Akikuta hapo jina la kijana halina tarakimu mbele yake, arudishe andiko lilikotoka.