Nani Ashike Ufunguo wa Nyumba ya Hillel?

Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kwamba Hillel, kabla hajawa mwanazuoni mkubwa wa Wayahudi, alikuwa kibarua. Ujira wake wa siku aliugawa mara mbili: nusu ya kulisha nyumba yake, nusu ya kumpa bawabu wa nyumba ya masomo ili apite. Ijumaa moja ya majira ya baridi hakupata kazi, na bawabu akakataa kumwingiza bure. Hillel akapanda paa, akajilaza juu ya tundu la mwanga asikilize walimu wake, Shemaya na Avtalion, wakifundisha chini yake. Theluji ikamfunika. Kulipopambazuka walimu wakashangaa kwa nini chumba kina giza. Wakatazama juu, wakaona umbo la mtu. Wakamshusha, wakamwosha, wakamkalisha mbele ya moto, ingawa siku hiyo ilikuwa Sabato na kuwasha moto ni mwiko.

Mtu huyu aliyefungiwa mlango ndiye aliyelipa jina lake shirika kubwa kuliko yote la wanafunzi wa Kiyahudi duniani. Na kwa zaidi ya miaka kumi sasa, ugomvi mkubwa ndani ya shirika hilo umekuwa ni wa mlango.

Hillel ilianza mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na aliyechochea kuanzishwa kwake hakuwa Myahudi. Profesa Edward Chauncey Baldwin, Mkristo aliyefundisha Biblia kama fasihi, alikerwa kuona wanafunzi wake wa Kiyahudi hawajui urithi wao wenyewe, akahimiza wapatiwe mlezi. Rabi kijana, Benjamin Frankel, akaichukua kazi hiyo. Mwaka uliofuata chama cha Kiyahudi cha B'nai B'rith kikaanza kuigharimia. Ilikuwa miaka migumu. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alipendekeza Wayahudi wasizidi asilimia 15 ya wanafunzi, wakati tayari walikuwa kama asilimia 21. Vyama vya udugu vya wanafunzi viliwakataa pia, ndiyo maana Wayahudi walikuwa wameshajiundia vyao, cha Zeta Beta Tau kikiwa cha tangu 1898. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kwa nini nyumba ya Hillel ina mlango, tukumbuke ilijengwa na watu waliofungiwa milango ya wengine.

Kazi ya nyumba hiyo huonekana Ijumaa jioni. Mishumaa inawashwa kabla jua halijazama, divai inabarikiwa, mkate uliosukwa kama nywele unakatwa, supu inapita. Mara nyingi mgeni halipi kitu. Chakula ni kosha, ambayo msomaji wa Kiislamu ataielewa haraka kwa kuifananisha na halali, ila ina masharti ya ziada: nyama na maziwa havikutani kabisa, hivyo jiko linalofuata sheria barabara linahitaji sufuria, sahani na masinki ya aina mbili. Kuna na mambo madogo ambayo asiyeyaishi hayafikirii. Mwanafunzi anayeshika Sabato kikamilifu hatumii umeme kwa mkono wake, kwa hiyo bweni lenye kufuli la kadi linamfungia nje ya chumba chake mwenyewe, na lazima mtu wa kumsemea aende ofisini kumwombea ufunguo wa chuma.

Waliosoma Mlimani pale Dar es Salaam hawahitaji maelezo marefu. Wanajua CASFETA ya wanafunzi Wakristo, wanajua MSAUD ya wanafunzi Waislamu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haendi kule kwa sababu ya mafundisho peke yake. Wengi hunasa kwa kuwa kuna mtu aliwasalimia kwa jina wiki ile ya kwanza, wakati chuo kizima kilikuwa hakiwajui.

Mwaka 2010 Hillel ilitoa kanuni za ushirikiano. Zilisema nyumba zake hazitaalika wala kushirikiana na taasisi au wasemaji wanaokana haki ya Israeli kuwepo kama dola ya Kiyahudi na ya kidemokrasia. Wanaoipaka Israeli matope au kuipimia kwa kipimo ambacho nchi nyingine hazipimiwi. Wanaounga mkono kuisusia, kuiondolea mitaji na kuiwekea vikwazo. Au wenye mazoea ya kuvuruga mikutano ya wenzao.

Desemba 2013 wanafunzi wa Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania kilichoasisiwa na Wakweka, walitangaza kwamba Hillel yao iko wazi na hawatazifuata kanuni hizo. Miezi michache baadaye wenzao wa chuo cha Vassar wakafanya vivyo hivyo. Mwaka 2015 wale wa Swarthmore walipanga kuwaalika wakongwe wa harakati za haki za watu weusi, Wayahudi walioipinga siasa ya Israeli. Makao makuu yakawaandikia barua ya kisheria kuhusu matumizi ya jina. Wanafunzi wakapiga kura, wakalivua jina, wakajiita Kehilah, neno la Kiebrania lenye maana ya jumuiya. Chuo Kikuu cha Ohio State kilipata kisa chake mwaka 2017: kikundi cha Wayahudi mashoga na wasagaji kilitengwa na Hillel kwa kushiriki hafla ya kuwachangia wakimbizi, kwa sababu miongoni mwa waandalizi wenzake ilikuwamo Jewish Voice for Peace, shirika linaloupinga Uzayuni. Hafla ilikuwa ya wakimbizi, Israeli haikuwa mada. Kanuni ilitazama orodha ya majina tu.

Watetezi wa kanuni wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Ya kwanza ni kwamba kanuni hazimhusu mtu, zinahusu jukwaa. Mwanafunzi wa Kiyahudi anayeichukia serikali ya Israeli, au hata fikra yenyewe ya dola ya Kiyahudi, anaweza kuja Ijumaa na kula kuku wake. Alichonyimwa ni kipaza sauti chenye nembo ya Hillel. Ya pili ni kwamba kila jumuiya ina jambo inaloliona la msingi, na utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikuta Wayahudi wanane kati ya kumi nchini Marekani wakisema kuijali Israeli ni sehemu muhimu au ya lazima ya Uyahudi wao. Kutegemea nyumba yao isiwe na upande katika hilo ni sawa na kutegemea nyumba ya Waislamu isiwe na upande kuhusu Makka.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), mwanafunzi alikuwa akiombea nafasi katika mahakama ya serikali ya wanafunzi. Sifa zake hazikuwa na doa. Akaulizwa: kwa kuwa wewe ni Myahudi na unashiriki jumuiya ya Kiyahudi, utawezaje kutokuwa na upendeleo? Wakajadili Uyahudi wake dakika nyingi, wakamkataa. Mlezi alipoingilia ndipo wakarudia kura na kumpitisha, baadaye wakaomba radhi. Mtu anayepimwa hivyo mchana ana haki ya kutaka mahali pamoja jioni ambapo hapimwi.

Lakini hoja hiyo hiyo inakata upande wa pili. Utafiti ule ule wa Pew ulikuta kwamba chini ya miaka 30, Wayahudi wanaosema wana mapenzi na Israeli, makubwa au ya kiasi, ni asilimia 48. Chini ya nusu, na hao ndio umri wa chuo. Kijana wa Kiyahudi anayetetea haki za Wapalestina naye amechoka kupimwa. Akija mezani anaambiwa karibu ule, ila hili ulilolibeba moyoni kaliseme kwingine. Ni ukarimu, sawa, lakini ukarimu wa namna anayofanyiwa shemeji asiyependwa.

Kisha kuna suala la mila. Hillel na Shammai, mwanazuoni wa zama zake, walibishana, na wafuasi wao wakabishana vizazi. Talmudi inasema sauti ilitoka mbinguni ikatamka kwamba maneno ya hawa na ya wale yote ni maneno ya Mungu aliye hai, ila sheria ifuate nyumba ya Hillel. Kwa nini wao? Kwa sababu walikuwa wapole, na walifundisha hoja za nyumba ya Shammai pamoja na zao, tena wakizitanguliza. Sijui kama waliochagua jina mwaka 1923 walikuwa na kisa hiki akilini, ila wanafunzi wa Swarthmore wangeweza kukisoma mbele ya wakili yeyote.

Na fedha. Majengo, majiko na mishahara haviendeshwi kwa michango ya wanafunzi. Mkono mtupu haulambwi. Wapinzani husema kanuni ziliandikwa kuwatuliza wafadhili, na watetezi hukanusha. Mimi naona maneno yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mfadhili anaweza kuamini kwa dhati anachokilipia.

Hapa watu hudhani njia ya kuukwepa ugomvi ni kwenda Chabad, harakati ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, wale wanaoshika sheria kikamilifu. Nyumba ya kwanza ya Chabad kwenye kampasi ilifunguliwa UCLA mwaka 1969, kwa msukumo wa Rabi Menachem Mendel Schneerson wa Brooklyn, na leo ziko nyingi. Utaratibu wake ni mwingine kabisa: rabi na mkewe wanahamia karibu na chuo, wanakaa maisha, watoto wao wanapita katikati ya viti vya wageni. Hakuna uanachama. Hakuna anayekuuliza kama umekuja kwa gari siku ya Sabato. Wapo wanafunzi wasioshika dini wanaosema wanajisikia nyumbani zaidi pale kuliko Hillel, na ninawaelewa: mwenyeji wa familia ni tofauti na afisa programu.

Lakini Chabad nayo ina mlango, umewekwa tu mahali pengine. Kwao Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka kwa utaratibu wa Kiorthodoksi. Mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi, ambaye marabi wa Reform, tawi huria la Uyahudi, walimtambua tangu 1983 ikiwa amelelewa katika Uyahudi, atalishwa ashibe. Ila zikihesabiwa nafsi kumi za kukamilisha sala ya jamaa, hahesabiwi. Wanawake hawahesabiwi pia. Mwanafunzi kutoka Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, angeliona hilo mara moja. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles na kuwekwa wakfu mwaka 2008 na shule ya tawi la Conservative, lililo kati ya Reform na Orthodoksi, na watu wake wengi walithibitishwa rasmi mwaka 2002 na marabi wa tawi hilohilo. Kijana wao akifika kampasi ya Marekani, kwenye sala ya Conservative ndani ya Hillel ni wa kumi, na mtaa wa pili, kwa Chabad, ni mgeni mheshimiwa.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa Swarthmore bila mashaka. Oktoba 7, 2023 Hamas iliua watu wapatao 1,200 na kuteka 251, kisha vita vya Gaza vikaua Wapalestina makumi ya maelfu, na kampasi za Marekani zikawaka. Wiki zile za mwanzo msichana aliyefiwa na binamu hakuhitaji mdahalo. Alihitaji chumba ambacho hatalazimika kueleza kwanza msimamo wake ndipo alie. Hapo nilielewa mlango uliofungwa ni wa nini.

Aprili 2024 ikanirudisha tena katikati. Pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mahema ya kuwaunga mkono Wapalestina yalisimikwa tarehe 17. Pasaka ya Kiyahudi iliingia jioni ya tarehe 22. Rabi mmoja alikuwa ameshawashauri wanafunzi warudi makwao kwa usalama. Hillel ya Columbia ikasema haiamini kwamba Wayahudi wanapaswa kuondoka. Jioni ile palikuwa na seder, mlo wa Pasaka, kwa Wayahudi waliokaa karibu na jumuiya yao, na palikuwa na seder nyingine kwenye nyasi, kati ya mahema, ya Wayahudi waliokuwa wanaandamana. Simulizi ya seder huanza na mwaliko wa Kiaramu: kila mwenye njaa na aje ale. Umesomwa pande zote mbili, na siamini upande wowote ulikuwa unaigiza.

Nyumba ya Mswahili wa pwani ina ndani na ina baraza. Ndani ni kwa jamaa; barazani mtu yeyote anakaa, mnabishana siasa na mpira mpaka kahawa inakwisha, na mwenye nyumba haulizwi kwa nini fulani alikaa pale. Kosa la Hillel, kwa macho yangu, ni kuwa na nyumba isiyo na baraza. Kanuni zilezile zinatawala mlo wa Ijumaa na mhadhara wa Jumanne, wakati haja zake hazifanani. Mezani siku ya Sabato ningekubali siasa ikomee mlangoni, kwa wote, hata kwa anayetaka kuwaombea wanajeshi. Jumanne ningeacha kanuni moja tu kati ya zile nne, ile ya wavurugaji, na mengine wanafunzi wa kila chuo wayapigie kura wenyewe, kila mwaka.

Pingamizi liko wazi. Kwenye chuo chenye Wayahudi thelathini, watano wenye ari watashinda kura, wazazi watalalamika, na wafadhili watahamishia hundi kwa rabi wa mtaa wa pili. Huenda nusu ya majiko yakafungwa. Sina jibu la kuridhisha kwa hilo, isipokuwa kwamba hata sasa kuna wanaoondoka, tena bila kupiga kura. Aliyeingia mwaka wa kwanza 2024 alikuwa na miaka minne hivi kanuni zilipoandikwa. Atakaa chuoni miaka mingine minne, na kwa mwendo huu atahitimu bila mtu kumuuliza anazionaje.