Mashine ya CPAP na hatari ya damu kuganda uzeeni

Mtu mwenye ugonjwa mkali wa kukatika pumzi usingizini anaweza kukosa hewa mara 30 au zaidi kwa saa, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi, kwa sababu koo hujifunga kila misuli yake inapolegea. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walieleza jinsi hewa inayosukumwa kupitia puani inavyoliacha koo wazi, na tangu hapo mashine ya CPAP, inayosukuma hewa hiyo kupitia barakoa, imekuwa tiba kuu ya ugonjwa huu. Wazee wanaoanza kuivaa, pamoja na jamaa zao, huuliza kama inawakinga pia na damu kuganda mishipani.

Wanaoamini hivyo wana hoja nzito. Oksijeni inapopanda na kushuka usiku kucha, kuta za ndani za mishipa huumia, chembe sahani za damu hushikamana upesi, na protini iitwayo PAI-1, inayouzuia mwili kuyeyusha bonge lililokwisha kuundwa, huelekea kuongezeka. Kwa mzee hayo huja juu ya hatari iliyopo tayari: mabonge ya vena za miguu na ya mapafu, ambayo katika jamii nzima humpata takriban mtu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka, hukaribia 1 kati ya 100 kwa wenye umri mkubwa sana. Hata hivyo, unene, kukaa kitandani muda mrefu na moyo dhaifu huambatana na ugonjwa huu na pia huchochea kuganda kwa damu, kwa hiyo si rahisi kujua lawama ni ya nani.

Upande wa pili unaegemea majaribio ambayo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Jaribio la SAVE, lililochapishwa mwaka 2016, liliwafuatilia watu 2,717 wa umri wa miaka 45 hadi 75 waliokuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, kwa wastani wa miaka 3.7, na CPAP haikupunguza mashambulio ya moyo wala viharusi. Watetezi wa mashine hujibu kwamba washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na kwamba waliokuwa na usingizi mzito sana mchana hawakujumuishwa. Ni majibu ya haki. Lakini tukiwachagua walioivaa usiku mzima na kuwalinganisha na walioiacha, tunaingia katika mtego mwingine, maana anayevumilia barakoa kila usiku mara nyingi ndiye yule yule anayemeza dawa zake kwa wakati na kutembea kila siku. Zaidi ya hayo, kipimo kikuu cha SAVE hakikuhusu mabonge ya vena kabisa, kwa hiyo wanaolitumia kuthibitisha au kukanusha kinga dhidi ya bonge la mguu wanalibebesha mzigo usio wake.

Kwa maoni yangu, sababu ya kumpa mzee mashine hii ipo hata bila suala la damu. Jaribio la PREDICT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha watu 278 wenye miaka 65 na kuendelea, lilionyesha kwamba baada ya miezi 3 waliopewa CPAP hawakusinzia sana mchana kama wasiopewa. Tahadhari moja ihusu aina ya ugonjwa: kwa baadhi ya wazee wenye moyo dhaifu, pumzi hukatika kwa sababu ubongo hautoi amri ya kupumua, na mwaka 2015 jaribio la SERVE-HF lilionyesha kwamba mashine ya aina nyingine, inayojirekebisha kwa kila pumzi, iliongeza vifo miongoni mwa wagonjwa wa namna hiyo.

Ninachokihofia zaidi ni mzee mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kudhani kwamba, kwa kuwa sasa analala na mashine, anaweza kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa hiyo huamuliwa na daktari kwa kuangalia hatari yake ya kiharusi na ya kuvuja damu, na mguu mmoja ukivimba ghafla au kifua kikibana hupaswa kuchunguzwa siku hiyo hiyo, hata kama barakoa haikuvuliwa usiku kucha.