Kesi ya Pasi na Wenzake

Jumamosi ile niligonga msumari mmoja tu. Nautaja mapema msije mkasema nilificha ushahidi, ingawa wakati huo sikujua kama ni ushahidi. Nilikuwa natundika cheti changu sebuleni, na mimi ni mtu wa kupenda vitu vilivyonyooka. Badala ya kukisia, nilichukua soketi iliyo chini ya ukuta ikawa ndiyo kipimo changu, nikapanda nayo wima hadi usawa wa macho, nikatia alama ya penseli, nikapiga nyundo. Ukuta ulikataa kidogo, ukakataa tena, halafu ukakubali ghafla, kama mtu aliyechoka kubishana. Cheti kikakaa sawasawa. Nikarudi nyuma hatua tatu nikakitazama kwa mapenzi.

Jioni mke wangu akachomeka pasi chumbani. Tak! Giza nyumba nzima.

Nikachukua tochi, nikaenda kwenye meni swichi kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Breka ndogo zote zilikuwa zimesimama. Iliyoanguka ni ile pana ya usalama, yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Mtu mwenye akili angesimama hapo akawaza. Breka ndogo ikianguka, mara nyingi ni mzigo uliozidi au shoti. Ikianguka ya usalama peke yake, kuna umeme unaovujia mahali usipotakiwa. Mimi nilichowaza ni kwamba pasi imezeeka.

Nikairudisha swichi juu, mwanga ukaja. Nikachomeka pasi tena, makusudi, mbele ya familia. Tak!

"Mnaona?" nikasema gizani. "Ni pasi."

Pasi ikapelekwa korido, ikawekwa chini, waya umezungushwa shingoni. Mtoto wetu mdogo akaniuliza imefanya nini. Nikamwambia inavujisha. Akaigusa chini kutafuta maji.

Asubuhi birika la umeme likafanya vilevile. Nikashangaa kidogo, lakini si sana. Vifaa vilivyonunuliwa miaka ya karibu huzeeka miaka ya karibu. Birika likaungana na pasi korido. Mchana jiko la umeme nalo likashikwa. Hapo nikaona hili si jambo la kubahatisha, nikafungua mahakama rasmi: nikachomoa kila kitu, nikawa naita kifaa kimoja kimoja mbele ya soketi. Redio: haina hatia. Chaja ya simu: haina hatia. Feni: haina hatia, ingawa inapiga kelele. Kikaushia nywele: tak, korido.

Na msidhani sikuchunguza nyaya. Nilizima breka ya soketi za sebuleni, nikapima kwa testa, haikuwaka, nikafungua soketi zote za sebule, nikakaza skrubu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Kisha, breka ya sebule ikiwa bado imezimwa, nikachomeka pasi chumbani. Tak! Basi sebule nikaiandikia hati ya usafi. Ingekuwaje kosa litoke sebuleni, na sebule yenyewe imezimwa? Hoja hiyo niliipenda sana. Nilimweleza mke wangu mara mbili.

Usiku wa manane, tak! Hakuna aliyechomeka chochote. Nikalala macho wazi nikisikiliza ukimya, mpaka nikagundua ukimya wenyewe ndio habari: friji ilikuwa imejaribu kuamka. Mota ya friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia. Sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba friji nayo imeingia kwenye genge.

Kulipokucha mke wangu alisimama korido, akawatazama wafungwa waliopangwa ukutani, akasema, "Baba watoto, mbona mahakama yako inafunga wenye mwili tu?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Pasi, birika, jiko, friji. Wote wanaokula umeme mwingi. Hakuna hata kichaja kimoja. Vyote hivi viharibike wiki moja?"

Nikamjibu kwamba umeme una mambo mengi. Jibu hilo halijawahi kumridhisha mtu yeyote, na mimi mwenyewe sikuwahi kulielewa.

Jirani akapita na shauri lake: toa hiyo swichi ya usalama, unga moja kwa moja, utalala usingizi. Kwa aibu nakiri nilishaanza kutafuta bisibisi. Mke wangu akaniambia nikiigusa hiyo swichi nitaishi korido na wenzangu. Tukaita fundi.

Kabla hajaweka mkoba chini fundi aliuliza, "Karibuni kuna mtu ametoboa ukuta au kugonga kitu?"

"Hapana," nikasema.

Sikudanganya. Swali lilipofika kichwani mwangu nilitafuta kazi kubwa: nondo, drili, vumbi. Cheti si ujenzi.

Akazima umeme wote, akahakikisha kwa kipimo kwamba kweli umezimika, akafungua meni swichi. Akatoa nyutro, yaani nyaya za kurudishia umeme, moja moja kutoka kwenye kipande cha shaba zinapokutania, akawa anazipima kwa mega, ile mashine inayosukuma volti 500 kwenye waya kuona kama ganda lake bado zima. Moja safi. Ya pili safi. Ya tatu akakohoa.

"Hii ni soketi za sebuleni. Nyutro na ethi, ule waya wa ardhini, zimegusana."

"Haiwezekani, bosi wangu," nikasema, nikamtolea ile hoja yangu niipendayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kisha akanieleza. Breka ndogo kama zangu hukata waya wa moto tu. Nyutro hubaki imeungana na nyutro za nyumba nzima, izimwe isizimwe. Na ile swichi ya usalama ni kama bawabu anayehesabu watu: waliotoka kwa waya wa moto lazima warudi wote kwa nyutro. Wakipungua, anafunga geti. Yangu haivumilii upungufu wa miliampea 30, na balbu ya zamani ya wati 60 hula zaidi ya mara nane ya hapo. Nyutro ikigusana na ethi, sehemu ya umeme unaorudi huchepukia ethi. Chaja ya simu ina umeme kiduchu, wanaochepuka hawaonekani. Pasi ya wati 2,000 inarudisha karibu ampea 9. Wakichepuka wachache tu, bawabu ameshaona. Iwe imechomekwa sebuleni au chumbani, ni mamoja.

"Kwa hiyo pasi ni nzima?" mke wangu akauliza.

"Zote nzima, mama."

Mke wangu hakunitazama. Alitazama korido.

Fundi akaenda sebuleni, akaziangalia soketi moja moja, na kwa kila soketi akawa anapandisha macho taratibu ukutani. Soketi ya kwanza, ukuta mtupu. Ya pili, ukuta mtupu. Ya tatu, macho yakapanda, yakapanda, yakasimama kwenye cheti changu.

"Bosi," akasema, "waya wa soketi huteremka wima ukutani, au huja kwa mlalo. Njia hizo mbili hatugongi kitu. Wewe umeilenga kwa rula."

Akakishusha cheti. Akang'oa msumari kwa koleo, akaugeuza kwenye mwanga wa tochi: ncha yake ilikuwa na mkwaruzo mwekundu wa shaba. Ungeingia milimita chache pembeni, akasema, ungepata waya wa moto, na kichwa cha msumari kingekuwa kinasubiri mtu wa kukinyoosha cheti kilichopinda. Nikakumbuka nilivyokuwa nakinyoosha kila nilipopita. Nikakaa kwenye kiti.

Wakati anasubiri nimletee kigoda, alianza kukisoma cheti kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mkono. "Cheti... cha kuhudhuria... mafunzo ya siku 2... ya usalama..." Akanyamaza. Hakumalizia neno "kazini". Akakishika kifuani, akamkabidhi mke wangu.

Kwa haki, siku ya pili sikuhudhuria.

Alikata plasta, akabadilisha kipande chote cha waya hadi kwenye soketi, akapima tena, akawasha. Wafungwa waliachiwa bila hata kuombwa radhi, isipokuwa pasi; hiyo mtoto aliibeba mwenyewe hadi chumbani akiipapasa mgongoni.

Cheti sasa kiko juu ya kabati, kimeegemea tu. Ndani ya kioo, pembeni ya jina langu, mke wangu ameubandika ule msumari. Mgeni akiuliza, mimi huenda kuangalia friji.