Kutaja au kutotaja Ondiri

Mkazi wa Nairobi anayependa kupiga picha za mandhari si lazima alipe kiingilio cha mbuga ndipo apate cha kutazama. Kinamasi cha Ondiri, kando ya mji wa Kikuyu, ndicho chanzo cha Mto Nairobi, nacho kinafikika kwa matatu. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umeyalalia matete, hata simu ya kawaida hutoa picha ya kupendeza. Kinachowagawanya wapiga picha ni kama inafaa kutaja mahali hapo wanapoisambaza picha.

Wanaotaka patajwe wana hoja nzito, na shahidi wao mkuu ni Msitu wa Karura, ulioko jijini Nairobi. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti katika ardhi ya msitu iliyokuwa imegawiwa watu binafsi. Hata baada ya msitu kunusurika, wakazi wengi waliendelea kuuogopa kwa sababu ya majambazi, mpaka ulipozungushiwa ua wa umeme, ukawekewa walinzi na kufunguliwa kwa watembeaji. Leo msitu huo una watetezi wengi kwa sababu una wageni wengi, ilhali mahali pasipojulikana hapana wa kupiga kelele siku tingatinga linapofika.

Tatizo ni kwamba mfano huo husimuliwa bila kutaja ua na walinzi, kana kwamba umaarufu peke yake ndio uliofanya kazi. Nacho kinamasi cha Ondiri hudhurika kwa urahisi: juu yake kumetanda mkeka wa mimea unaoelea. Ukiukanyaga, unatikisika hatua kadhaa mbele yako na maji yanapanda taratibu kuzunguka kiatu. Korongo wenye taji, ambao wamo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, hujenga viota katika vinamasi vya namna hii, na anayewasogelea ili apate picha ya karibu huweza kuwafukuza kwenye mayai yao. (Niliwahi kusogea mimi mwenyewe, na lenzi ikaingia umande, nilirudi na picha ya wingu jeupe.) Ni kweli kwamba pampu za kumwagilia mashamba zimekitesa kinamasi hicho kuliko kamera yoyote, lakini hilo halimpi mpiga picha ruhusa ya kuongeza madhara yake.

Kwa maoni yangu, umaarufu unapaswa kufuata ulinzi, usiutangulie. Wenyeji wa Ondiri wamekuwa wakipanda miti kandokando, jitihada ambayo umati wa Jumapili moja tu ungeweza kuirudisha nyuma. Hata hivyo siwezi kukificha kinamasi ambacho tayari kimo kwenye ramani na kinachohitaji kusemewa. Jina la Ondiri nalitaja. Nafuta kumbukumbu ya mahali ambayo simu huiandika ndani ya picha, sisemi nilisimama upande gani, na picha za viota sizitoi kabisa.