Kola ya Saka na kazi ya Giorgio Chiellini

Ilikuwa inakaribia saa sita usiku kwa saa zetu, Julai 11, 2021, na kibanda umiza tulichojibana kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Fainali ya Euro pale Wembley, Italia na Uingereza, bao 1-1, dakika ya sita ya nyongeza baada ya zile tisini. Mpira ukadunda kando ya mstari wa pembeni, karibu na katikati ya uwanja. Giorgio Chiellini, nahodha wa Italia, aliyebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 37, akauwekea mwili ili utoke nje. Bukayo Saka, kijana wa miaka 19, akampita ubavuni kama maji yanavyolipita jiwe. Mbele yake nyasi tupu. Chiellini akanyoosha mkono, akaidaka kola ya jezi kwa nyuma, akavuta kwa nguvu zake zote. Saka akaenda chini, jezi imemkaba shingo.

Mwamuzi Björn Kuipers akatoa kadi ya njano. Pale kibandani nusu ya watu walisimama wakidai nyekundu, nusu nyingine wakapiga makofi. "Huyo ndiye kitasa sasa," alisema mzee mmoja nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyekiona tena kitu alichokikosa miaka mingi. Mechi ikaenda hadi kwenye penalti, kipa wa Italia, Donnarumma, akapangua ya mwisho, iliyopigwa na Saka huyohuyo, na Italia ikatwaa kombe kwa 3-2.

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 mtaani kwetu. Siku tatu baada ya fainali ile, beki wangu wa kati, mtoto mwenye akili ya mpira kuliko wenzake wote, aliachwa na winga mazoezini, akamdaka kola, akamwangusha. Kisha akanigeukia, uso mzima tabasamu, akisubiri sifa. Nilipuliza filimbi, halafu nikabaki nimeishikilia mdomoni. Sikuwa na neno la kumwambia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta kwa kuirudia kazi yote ya Chiellini, tangu Livorno hadi Los Angeles.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Alianza kucheza Livorno mwaka 2000, mguu wa kushoto, beki ya kushoto. Akapita Fiorentina msimu mmoja, akatua Juventus 2005. Mwaka uliofuata klabu ikashushwa daraja kwa kashfa ya Calciopoli, ya viongozi wa klabu kushawishi uteuzi wa waamuzi, na yeye akabaki kucheza Serie B wakati wakubwa kadhaa wakitafuta njia ya kutokea. Akahamishiwa beki ya kati, na huko ndiko alikojenga jina. Alipoondoka 2022 alikuwa ameichezea Juventus mechi 561, nyuma ya Del Piero na Buffon tu katika historia nzima ya klabu. Ubingwa wa Italia mara tisa mfululizo, kuanzia 2012 hadi 2020. Ule wa kwanza, chini ya Antonio Conte, Juventus ilimaliza mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja, ikiruhusu mabao 20 tu. Nyuma walisimama Barzagli, Bonucci na Chiellini, na Buffon langoni. Timu ya taifa aliichezea mara 117.

Lakini takwimu za beki hazisemi kitu mpaka uone alikuwa anamzuia nani. Aprili 2017, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Juventus ilikutana na Barcelona ya Messi, Suárez na Neymar. Turin ikaisha 3-0, bao la tatu Chiellini mwenyewe kwa kichwa cha kona, huku akipapatuana na Mascherano. Camp Nou ikaisha 0-0. Dakika 180, washambuliaji watatu waliokuwa wakiogopwa dunia nzima hawakupata bao hata moja. Mmoja wao, Suárez, ndiye aliyemng'ata Chiellini bega pale Natal, Juni 24, 2014, kwenye Kombe la Dunia. Mwamuzi hakuona. Chiellini akashusha jezi kumwonyesha alama za meno, haikusaidia, na Italia ikatolewa. Suárez alipofungiwa mechi tisa za kimataifa na miezi minne nje ya soka, aliyejitokeza kusema adhabu imezidi alikuwa Chiellini mwenyewe. Mtu anayeishi kwa kusukumana hakumwekea kinyongo aliyevuka mpaka, na hilo nalihesabu upande wake.

Nikitaka kumwonyesha mtu ukabaji ni nini, humrudisha Munich, Julai 2, 2021, robo fainali ya Euro dhidi ya Ubelgiji. Chiellini alikuwa ametoka kwenye jeraha la msuli alilolipata katika mechi na Uswisi, na mbele yake alikuwa Romelu Lukaku, mwanamume mwenye mgongo kama mlango wa ghala, katika ubora wake. Ukimtazama Lukaku peke yake, ukaachana na mpira, utaona mambo madogo madogo. Kiganja kinamgusa kiunoni kabla pasi haijapigwa, kisha kinaondoka. Anapoegemea nyuma kutafuta mwili wa beki autumie kugeukia, anakuta hewa. Anapotegemea hewa, anakuta kifua. Lukaku alifunga, ndiyo, ila kwa penalti ambayo haikutokana na Chiellini. Italia ikashinda 2-1. Na kila Chiellini alipouzuia mpira alishangilia ngumi juu, kama mshambuliaji aliyefunga. Sijaona beki mwingine wa zama zake aliyeipenda kazi hii waziwazi kiasi hicho, na nakiri kwamba kwa hilo nampenda.

Wasiomkubali nao hawasemi kwa wivu.

Hawa huanza na Ulaya. Chiellini hakuwahi kutwaa Ligi ya Mabingwa. Fainali ya 2015 dhidi ya Barcelona aliikosa kwa jeraha. Ile ya 2017 pale Cardiff alicheza, na hapo ndipo penye kidonda. Juventus ilikuwa imeruhusu mabao matatu tu katika mechi 12 kabla ya usiku ule. Real Madrid ikaipiga manne kwa moja, matatu yakiwa ya kipindi cha pili. Kwa upande huu, ngome ya kukaba mtu kwa mtu hutamba pale mshambuliaji anapokuja kupambana na beki. Modrić, Kroos na Isco hawakuja kupambana na mtu. Waliusogeza mpira huku na kule hadi mabeki wakabaki wanazilinda sehemu ambazo hakuna mtu, na Ronaldo akajitokeza pale walipopaacha. Nimeitazama mechi ile mara nyingi na sioni namna ya kuipinga hoja hii. Fainali ya Euro 2012, Uhispania ilipoifunga Italia 4-0, ingeweza kuongezwa kwenye lawama, ila Chiellini alitoka mapema akiwa ameumia, basi haki iwe haki.

Shtaka zito zaidi ni la uchafu wenyewe. Wanasema jina la "ustadi wa Kiitaliano" limekuwa shuka la kufunikia faulo, na wanarudi hadi mjini Barcelona, Kombe la Dunia la 1982. Beki wa Italia, Claudio Gentile, alimchezea Diego Maradona faulo 23 katika mechi moja, kisha siku sita baadaye jezi ya Zico wa Brazil ikachanika mikononi mwake ndani ya eneo la hatari. Italia ikatwaa kombe. Hivyo kola ya Saka, kwa macho yao, ni urithi uleule: mwibie mwenye kipaji kipaji chake, ulipe kadi, uende nyumbani na kombe.

Ninachowaambia wenzangu wa upande huu ni kwamba wanasahau nani alisimama jirani na Gentile. Gaetano Scirea alicheza nyuma kabisa katika kikosi kilekile cha 1982, na hakuwahi kutolewa kwa kadi nyekundu katika maisha yake yote ya soka. Aliokoa kwa kusoma, akatoka na mpira kichwa juu. Utamaduni wa Italia umewazaa wote wawili na kuwaweka pamoja, mmoja akimkaba mtu, mwingine akiilinda nafasi nyuma yake. Chiellini na Leonardo Bonucci walikuwa mgawanyo huohuo wa kazi, miaka thelathini na zaidi baadaye. Ukichukua nusu moja ukaiita Italia, umewaonea wote.

Halafu kuna kanuni. Faulo inayokatiza shambulizi lenye matumaini ni kadi ya njano. Nyekundu huja pale nafasi ya wazi ya kufunga inapoporwa, na Saka alikuwa bado mbali mno na lango kwa hilo. Kuipers alihukumu sawasawa. Tatizo ni bei. Katika raga, mchezaji akiadhibiwa kwa kadi ya njano hukaa nje dakika kumi na timu yake inahenya pungufu. Katika soka, kadi ya njano ya dakika ya mwisho, kwa beki asiye na nyingine, haina gharama yoyote. Chiellini aliikuta bidhaa ghali inauzwa kwa bei ya chini, akainunua. Mwenye lawama kubwa zaidi kwangu ni aliyeipanga bei.

Mwenyewe Chiellini aliwahi kuifikisha hoja yake mbali zaidi. Mwaka 2017 alisema kwamba kumwiga kocha Pep Guardiola kumeharibu kizazi cha mabeki wa Italia: wanataka kuanzisha mashambulizi na kugawa pasi, lakini hawajui tena kumkaba mtu ndani ya eneo la hatari. Maneno hayo yalipendwa sana, na hadi leo hurudiwa kila Italia inapofungwa, kama ilipochapwa 3-0 na Norway mjini Oslo, Juni 2025.

Nusu ya kauli hiyo naikubali kwa mikono miwili. Naiona hata kwa wanangu wa mtaani. Mtoto wa miaka 13 anaweza kupiga pasi ya mita 30 kwa mguu wowote, lakini krosi ikiingia anatazama mpira unavyokuja huku mshambuliaji yuko mgongoni kwake. Hakuna aliyemfundisha kugeuza shingo.

Nusu ya pili, ile ya kuwalaumu mabeki wa pasi, inakataliwa na kazi yake mwenyewe. Mwaka huohuo wa 2017 Italia ilishindwa kufuzu Kombe la Dunia kwa kufungwa na Uswidi bao moja katika mechi mbili. Ukabaji haukuiangusha. Dakika 180 bila kufunga ndizo zilizoiangusha. Machi 2022 ikarudia, ikapiga mashuti 32 dhidi ya Macedonia Kaskazini pale Palermo na kufungwa 1-0 dakika za nyongeza. Kombe kubwa pekee alilolinyanyua na taifa lake alilipata chini ya Roberto Mancini, katika timu iliyopenda kuumiliki mpira, huku Bonucci, beki wa pasi ndefu, akicheza bega kwa bega naye na kusawazisha bao kwenye fainali ileile. Chiellini hakuwahi kuwa salama zaidi kuliko alipokuwa kando ya mtu wa aina aliyoilaumu. Aliwahitaji, nao walimhitaji.

Alimalizia Los Angeles FC, akatwaa ubingwa wa Marekani 2022, akastaafu mwishoni mwa 2023.

Yule kijana wangu sasa ana miaka 19, umri aliokuwa nao Saka usiku ule, na anacheza beki wa kati kwenye ligi ya mkoa. Alipita nyumbani mwezi uliopita. Nikamfungulia klipu ileile kwenye simu, ila safari hii niliisimamisha kabla mkono haujanyooka, mpira ukiwa bado unadunda.

"Hapa kakosea nini?"

Aliikodolea macho kwa muda. Akairudisha nyuma kidogo kwa kidole, akaiachia, akaisimamisha tena palepale.

"Anausubiri mpira utoke, mwalimu," alisema. "Mtu hamwoni."

Nikamwambia aendelee kutazama. Mkono ukanyooka, kola ikavutika. Hakutabasamu. Alikuwa ameshairudisha tena nyuma, akihesabu kwa sauti ya chini hatua za Saka, moja, mbili, tatu, akitafuta ni ipi ambayo Chiellini angegeuza shingo.